Siku hizi msanii akilia tunauliza wimbo unatoka lini

Msomaji wa Jioni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Kuna jambo linanikereketa muda sasa: kiki, yaani vituko vya makusudi vya kujitangaza. Msanii wa Bongo akitupia picha yuko wodini, dripu mkononi, hebu fungua maoni uone. Wa kwanza: "Pole sana." Wa pili: "Wimbo unatoka lini?" Kuanzia wa tatu ni vicheko mpaka chini. Akiandika kwamba ameachana na mwenzake, watu wanaanza kuhesabu siku zilizobaki albamu itoke. Akisema amefiwa, wapo wanaosubiri waone kaburi ndipo wampe pole. Na si kwamba Watanzania wamekuwa na roho mbaya ghafla. Wamefundishwa. Wamelizwa bure mara nyingi mno, sasa hawatoi chozi bila risiti.

Mimi mwenyewe mtu wa ubuyu, siwezi kujifanya mtakatifu hapa. Nimekua na magazeti ya udaku. Wa rika langu mtakumbuka ratiba: Jumatatu Ijumaa Wikienda, Jumanne Uwazi, Jumatano Risasi, Alhamisi Amani, Ijumaa lenyewe Ijumaa, Jumamosi Risasi tena. Yote ya Global Publishers ya Eric Shigongo, ambaye juu ya hapo alikuwa anatuandikia hadithi za kuendelea, zinakatwa pale mtu ameshikiwa bastola, itaendelea wiki ijayo. Baadaye akaenda bungeni kupitia jimbo la Buchosa, 2020. Mtu aliyejua kuwasubirisha watu wiki nzima kwa mia mbili mia tatu hawezi kushindwa kampeni.

Gazeti moja lilikuwa halisomwi na mtu mmoja. Analinunua dada wa saluni, linapita kwa wasukwaji wote, linavuka barabara kwa fundi cherehani, linarudi kwa muuza genge, na jioni linafungia vitumbua. Hata hapo mtu anakula huku anasoma nusu ya habari, nusu nyingine imeliwa na mafuta. Ubishi uliozuka mtaani ulikuwa wa watu waliosoma kitu kimoja siku moja.

Sisemi yalikuwa magazeti mema. Wapigapicha walikuwa wanawavizia mabinti nje ya kumbi usiku wa manane, kesho yake picha ukurasa wa mbele na kiboksi cheusi kidogo machoni ambacho hakifichi chochote, mama yake anamjua kwa gauni. Kuna familia zimebomoka kwa vichwa vya habari vyenye alama ya kuuliza mwishoni. Hilo nalikubali na silitamani lirudi.

Lakini angalia utaratibu wake ulivyokuwa. Mwandishi anasikia jambo, anakwenda, anauliza, msanii anakana, jirani anathibitisha, wiki ijayo msanii anakuja na majibu yake. Katikati kulikuwa na mtu wa tatu ambaye hakuimba wimbo na halipwi na lebo. Hata akiwa mchokozi, kazi yake ilikuwa kutafuta kile ambacho msanii hakutaka kijulikane. Leo tunapewa kile tu ambacho msanii anataka kijulikane, saa anayotaka yeye, na picha amechagua mwenyewe.

Naona mambo yaligeuka taratibu. Blogu zilianza, Issa Michuzi akiwa wa mwanzo 2005, na bado kulikuwa na mtu wa kati. Kisha Instagram ikaingia, mtu wa kati akabaki hana kazi. Agosti 2015 mwanamuziki Diamond na mpenzi wake Zari walipopata mtoto wao wa kwanza, yule mtoto alikuwa na akaunti yake na maelfu ya wafuasi kabla hajajua kutambaa. Tarehe 14 Februari 2018, Siku ya Wapendanao, Zari akaweka waridi jeusi na maelezo ya kumalizana na mwenzake. Hakuna gazeti lililowahi. Magazeti yalichofanya ni kunakili. Mwaka 2022 mwanamuziki Harmonize akamwomba mpenzi wake wa zamani Kajala msamaha kwa bango la barabarani hapa Dar. Yaani faragha imehamia kwenye matangazo ya barabarani, penye soda na sabuni.

Sisemi hizo zilikuwa kiki. Huenda yote yalitoka moyoni. Ndipo tatizo langu lilipo: sina tena njia ya kujua, na nikiwauliza wenzangu nao hawajui, kwa hiyo tunachukulia yote ni kiki ili tusionekane washamba.

Linganisheni na kifo cha Kanumba, mwigizaji wa filamu. Alfajiri ya tarehe 7 Aprili 2012, Jumamosi ya kuelekea Pasaka, ujumbe ulianza kuzunguka kwenye simu. Watu walikataa kuamini, kweli, ila walikataa kwa sababu alikuwa na miaka 28, hakuna aliyesema "anatangaza filamu." Redio ikathibitisha, mtaa ukanyamaza. Siku ya kuagwa pale Leaders Club watu walizimia, watu ambao hawajawahi kumwona ana kwa ana, kisha umati ukaongozana naye Kinondoni makaburini. Najiuliza habari kama ile ikitokea kesho itachukua saa ngapi mtu alie bila kuangalia kwanza kama kuna kiungo cha YouTube hapo chini.

Wajuzi karibuni. Kiki imetufanyia nini? Simaanishi wasanii. Namaanisha sisi.

Kaa Pembeni

Nimeweka kiti. Ngoja waje.

Fundi Mixa

Mkuu mleta uzi umeandika vizuri lakini umeongea kama mtu ambaye hajawahi kulipia saa za studio.

Mimi nashinda kwenye hizo studio. Kijana anakuja na wimbo mzuri kuliko huo unaotrendi. Anarekodi, anafanya video kwa pesa ya mkopo, anaupeleka redioni kwa heshima zote. Hakuna kinachotokea. Jirani yake anaachia wimbo wa kawaida kabisa, ila siku tatu kabla amezua bifu na mtu, na wimbo unaruka. Utamshauri nini huyo wa kwanza?

Zamani msanii alikuwa anauza masta kwa wasambazaji wa Kariakoo, analipwa mara moja, basi. Akidhulumiwa, amedhulumiwa, ila kazi ya kuuza haikuwa yake. Leo muuzaji ni yeye. Na pesa yenyewe hata haitoki kwenye wimbo, inatoka kwenye maonyesho na ubalozi wa bidhaa. Kampuni ikitaka balozi haiulizi unaimba sauti ya ngapi. Inauliza watu wangapi wanakutazama. Ukikaa kimya miezi mitatu umeshasahaulika, mwenzako amechukua tangazo la mtandao wa simu.

Kwa hiyo mnaowacheka wanaofanya kiki, ndio nyinyi mliowapa masharti hayo. Wimbo usio na stori hamuufungui. Mimi naona takwimu za chaneli kila asubuhi, siongei kwa hisia.

Msomaji wa Jioni

Fundi, hapo kwenye "nyinyi mliowapa masharti" umenikamata shati. Naendelea kusikiliza.

Bibi wa Chumbageni

Wanangu, nami nimesoma mpaka mwisho, mjukuu ameniwekea maandishi makubwa.

Mnazungumza kama kwamba vituko vimeanza na simu. Mlikuwa wapi miaka ya tisini? Kwenye taarab, kundi la TOT lilikuwa na Khadija Kopa, kundi la Muungano lilikuwa na Nasma Khamis, na mji mzima uligawanyika. Huyu anaimba hivi, wiki ijayo yule anajibu, na kila neno lina mwenyewe. Mnadhani Kapteni Komba wa TOT hakujua kwamba ugomvi unajaza ukumbi? Alijua vizuri kuliko hao mameneja wenu wa leo. Norbert Chenga wa Muungano naye alijua. Tulilipa kiingilio ili tusikie nani kapigwa kijembe.

Na sisi wenyewe wanawake tulikuwa na kiki zetu, msitudanganye. Una jambo na jirani. Huwezi kumwambia usoni kwa sababu mnachota maji bomba moja. Unasubiri ukumbini, wimbo unafika kwenye ubeti unaomhusu, unainuka taratibu na noti yako kwenda kumtuza mwimbaji, na safari ya kwenda jukwaani lazima ipite mbele ya meza yake. Mkono unanyoosha kidogo tu. Ukumbi mzima umeelewa. Mwenyewe naye ameelewa, na hana la kukushitaki kwa sababu wewe umekwenda kutuza. Kama hakuna ukumbi wiki hiyo, una khanga. Jina la khanga linasema yote na wewe huna habari, umevaa nguo tu.

Kwa hiyo kuonyesha watu mambo yako kwa makusudi ni sanaa ya zamani pwani hii. Msiilaumu simu peke yake.

Msomaji wa Jioni

Shikamoo bibi. Umeuinua uzi.

Naomba nikupinge kidogo kwa adabu. Katika hayo uliyoyasema kila mtu ukumbini alijua kwamba hapa watu wanapigana vijembe. Ulikuwa mchezo wenye mlango: unaingia, unatuza, unatoka, kesho asubuhi mkikutana bombani ni "umeamkaje." Na jambo la pili, Kopa akiugua hakuna aliyedhani anapiga kijembe. Ugonjwa ulibaki ugonjwa. Mimi sina ugomvi na mipasho hata kidogo. Nagomba na mtu kuutumia ugonjwa, kifo na ndoa kama vile nyinyi mlivyotumia ubeti, halafu hatuambiwi wapi mchezo unaanza na wapi unakwisha.

Na tofauti ya mwisho: ugomvi wenu ulikuwa unatuachia nyimbo. Zile nyimbo bado zinapigwa harusini na watu wasiojua hata zilimlenga nani. Sasa hivi ugomvi unabaki unakumbukwa na wimbo uliokuja kuuzwa nao hakuna anayeweza kuuimba mpaka mwisho.

Bibi wa Chumbageni

Marahaba mwanangu. La nyimbo nakupa. La mlango sikupi, wewe hukuwaona waliovuana vilemba nje ya ukumbi.

Kaa Pembeni

Bibi ametuma watu hospitali 😂

Dada wa Vitenge

Mimi sitaongelea wasanii. Mleta uzi umeuliza kuhusu sisi, nami ninalo la kwangu.

Nauza vitenge na madera kwenye simu. Status yangu ndiyo duka langu. Mnajua biashara ya status inavyokwenda: ukiweka picha ya mzigo na bei tu, watu wanapita. Ukianza na maneno, wanasimama. Kwa hiyo wauzaji wote tumezoea kuanza na maneno. "Jamani leo nimelia." Picha inayofuata: mzigo mpya umeingia, bei imeshuka. "Kuna mtu amenivunja moyo sana." Inayofuata: mteja alichelewa, kitenge hiki hapa kimoja kimebaki. Ni utani, wateja wanajua, wanacheka, wananunua.

Mwenzangu mmoja tunayeuza naye bidhaa zilezile aliandika usiku, "Moyo umechoka, Mungu ndiye anayejua." Waliomjibu wengi, na ni watu wa karibu, waliandika "tunasubiri bei" na vikatuni vya kucheka. Shemeji yake aliandika "nipigie yadi sita." Yule dada alikuwa wodi ya watoto na mwanawe, mtoto anapumua kwa mashine. Hakuandika tena kitu. Tulijua kesho yake jioni kwa kupigiwa simu na mtu mwingine.

Mtoto alipona, nashukuru. Lakini yeye amefuta status zote na hauzi tena kwa njia hiyo. Sasa anatembeza mzigo mkononi, ofisi kwa ofisi. Nilimwuliza kwa nini asirudi, akaniambia kule ameshaonekana mwongo kabla hajasema kitu.

Hapo ndipo ninapomwelewa mleta uzi. Hatukuiga mavazi yao tu. Tumeiga mpaka namna ya kulia.

Na niseme na hili kwa sababu nyuzi hizi kila mara zinajaa wanaume: kwenye kiki za mapenzi mwanaume anatoka na wimbo, mwanamke anatoka na jina. Wanaume wakigombana baada ya miaka miwili wanafanya kolabo, watu wanapiga makofi. Wanawake wawili waliogombanishwa kwa ajili ya mwanaume huyohuyo wataulizwa habari hiyo kwenye kila mahojiano mpaka wazeeke. Kiki ina gharama na wanaozilipa si wanaozianzisha.

Msomaji wa Jioni

Dada, nimesoma hii mara mbili. Ningekuwa na uwezo ningeipandisha juu iwe ndiyo uzi wenyewe.

Mtu wa Mitambo

Kuna kipande mnakiruka. Mnasema msanii amejifanya chombo cha habari kana kwamba aliamka tu akajisikia hivyo.

Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni. Ukitaka kuendesha blogu au televisheni ya mtandaoni ilikuwa lazima leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na jumla ya ada, maombi na leseni na ya mwaka, ilikuwa shilingi 2,100,000. Mwenye blogu yake ya habari za wasanii anayoiendesha kwa bando la kuombaomba angeipata wapi? Wengi walifunga. Waliobaki ni wenye mtaji au wenye mdhamini, na mwenye mdhamini haulizi maswali ya ajabu.

Wakati huohuo wasanii wenyewe wakawa wenye vyombo. Redio ya Clouds ilikuwepo tangu 1999 na ilitosha kumfanya mtu staa au kumnyamazisha. Diamond akaja na Wasafi, redio na televisheni. Ali Kiba naye 2024 akafungua Crown. Sasa nieleze, mtangazaji anayelipwa mshahara na msanii atamwuliza bosi wake swali gani? Na kwenye redio ya mpinzani wataulizia nini zaidi ya mabaya yake? Kwa hiyo msikilizaji anachagua kambi, kama enzi za Team Diamond na Team Kiba, isipokuwa sasa kambi ina masafa.

Chawa wamezaliwa hapo. Nafasi ya mwandishi ilibaki wazi, akaingia mtu ambaye kazi yake ni kumsifu mwenye nyumba na kumtukana jirani. Wengine wamepata magari kwa kazi hiyo. Ukimwambia mwanao asome uandishi wa habari atakuuliza chawa wamesoma wapi.

Fundi Mixa

Nakubaliana na Mtu wa Mitambo asilimia zote, na bado narudi palepale. Hata mngemrudisha yule mwandishi wa Jumanne, msingemsoma. Habari iliyochunguzwa inachukua wiki. Nyinyi mnataka ya dakika tano zilizopita.

Halafu wakuu, tusichukulie kila kitu kinachofanywa mbele ya kamera ni uongo. Mnamkumbuka Mzee Gurumo? Muhidin Gurumo, mwimbaji wa bendi za NUTA Jazz, Mlimani Park, Safari Sound, Msondo. Zaidi ya miaka hamsini jukwaani. Mwaka 2013 afya imekataa, anastaafu, na ikafahamika kwamba mzee hana hata usafiri wake. Diamond alikuwa anazindua video mwaka huohuo. Akamwita mzee kwenye uzinduzi, kamera zote zinawaka, akamkabidhi gari.

Kwa vigezo vya mleta uzi ile ni kiki iliyokamilika. Kuna video inauzwa, kuna wageni waalikwa, kuna machozi. Magazeti yaliandika wiki nzima. Sasa niambieni ile ilikuwa nini.

Msomaji wa Jioni

Nilijua mtu atamleta Gurumo.

Ile ilinifurahisha siku ile na inanifurahisha mpaka leo. Lakini fikiria angempa kimyakimya, nyumbani kwake, tukaja kujua kwa mtoto wa mzee miaka baadaye. Ingekuwa na uzito mwingine.

Fundi Mixa

Uzito kwako wewe msomaji. Kwa mzee gari ni lilelile.

Dada wa Vitenge

Hapo nipo na Fundi. Mzee Gurumo alifariki Aprili 2014, hata mwaka haukutimia tangu apewe lile gari. Huko kujua kwenu kimyakimya baada ya miaka kungemsaidia nini yeye?

Bibi wa Chumbageni

Na sisi tuliokuwa tunatuza, tulituza hadharani. Hakuna aliyekuwa anamfuata mwimbaji gizani kumpa noti. Kutuza ni kuonekana. Mwimbaji anapata pesa, wewe unapata jina, na aliyekaa anaona aibu, anainuka naye. Baada ya Diamond kumpa mzee, nani mwingine aliinuka?

Msomaji wa Jioni

Bibi, swali hilo linafaa uzi wake.

Basi nibadilishe ninachokataa, kabla Fundi hajanimaliza. Kamera kuwepo sina neno nayo tena. Mtu akitoa, akipenda, akioa, apige picha apendavyo. Ninachokataa ni kile cha wodini na cha msibani, na kile alichokisema dada: kulia kwa ajili ya kuuza, mpaka anayelia kweli akose wa kumwitikia. Mtu wa Mitambo, nimekuelewa kuhusu leseni na masafa, lakini hakuna kanuni iliyomlazimisha mtu kuwekewa dripu ya maigizo.

Dada, yule mwenzako bado anatembeza ofisini? Kama yuko Dar mwambie hapa kwetu tuko watu wengi wa sare, tuna kicheni pati mwezi ujao, na kamati bado haijapata kitenge.

Dada wa Vitenge

Yupo. Nakutumia namba yake pembeni. Mpigie, usimwandikie.